Moto upo, petroli ipo, na bado haiwaki

Sa ngoja niwasimulie hii ya mashine ya kukatia majani, maana imenilia wikiendi tatu na nilishafika hatua ya kuipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu ikapimwe kwa kilo.

Shangazi yangu anasimamia nyumba moja ya zamani upande wa Usa River, Arusha, zile nyumba za mashamba ya kahawa, veranda ndefu, mijakaranda, na mbele ukoka mpana unaoweza kuchezewa ndondo. Siku hizi wanalaza wageni. Ukoka unakatwa na vijana wawili kwa fyekeo, na kama umewahi kufyeka eneo kama lile unajua kwamba ukimaliza upande huu, upande ule ushaota tena. Akanipigia, "Wewe si unajifanya fundi, njoo stoo kuna mashine ya mzungu, ikifaa itengeneze, isipofaa iondoe inanijazia nafasi." Nikapanda boda nikaenda, na ile roho ya mtu anayejua anaenda kuangalia takataka.

Ilikuwa nyuma ya magunia ya mkaa. Magurudumu manne, mpini umepinda, deki ya chuma kizito sio haya makopo ya sasa hivi, na juu yake injini imejaa vumbi la rangi ya ugoro. Nikapangusa bati la kava kwa kidole gumba, pale juu ya plagi, nikaona herufi: Briggs & Stratton. Pembeni namba zimegongwa, 92908, na namba ya kodi (code) inaanza na 78. Aisee moyo ukadunda.

Kwa wasiojua, hizo namba sio urembo. Ile 9 ya kwanza ndio ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, yaani kama cc 148, na 78 kwenye kodi ni mwaka iliyotengenezwa, 1978. Vita vya Kagera ndo vinaanza na hii kitu inatoka kiwandani Marekani. Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1908 pale Milwaukee, na mwaka 1953 ndo wakaleta injini ndogo ya aluminiamu, nyepesi, ambayo mtu anaweza kuibeba kwapani, na hapo ndipo mashine za majani zikaenea kila mahali. Hii ya shangazi ni ya ukoo huo huo, nguvu farasi tatu na nusu, valvu ziko ubavuni mwa silinda badala ya kuwa juu, kwa hiyo silinda hedi ni bapa tu kama kifuniko cha sufuria. Hakuna rocka (vile vikono vya kusukuma valvu), hakuna timing cheni, hakuna mkanda. Ukiielewa hii umeelewa injini zote za ukoo wake.

Kabla sijaendelea, kuna kitu kinanifurahishaga. Mashine ya kwanza kabisa ya kukatia majani aliitengeneza fundi mmoja Mwingereza, Edwin Budding, mwaka 1830, huko Stroud, baada ya kuona mashine ya kiwanda cha nguo inayonyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa, akawaza hii si inaweza kunyoa majani. Sasa huyo huyo Budding anatajwa pia kwenye uvumbuzi wa spana malaya! Yaani mtu mmoja katuletea mashine na spana ya kuiharibia. Maana boliti nyingi zilizoliwa vichwa nilizokutana nazo kwenye hii injini ni kazi ya spana malaya, ndugu zangu, nunueni seti ya spana boksi.

Haya. Wikiendi ya kwanza.

Utaratibu wangu mi ni mfupi. Injini ndogo isipowaka naangalia vitu vitatu, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), moto, petroli, kwa mpangilio huo, sababu kompresheni ikiwa hamna hayo mengine unajisumbua. Kwenye hizi Briggs usidanganyike na kuweka kidole kwenye tundu la plagi ukaona upepo mdogo ukasema ringi za pistoni zimekwisha. Kamshafti yake, ile shafti inayofungua valvu, imechongwa makusudi iachie upepo kidogo ukivuta kamba, ili isikuvunje mkono. Kipimo chake ni kuzungusha flaiwili (lile gurudumu zito juu ya injini) kinyume, kwa nguvu, halafu unaiachia. Ikirudishwa kama imepigwa teke, uko salama. Ikizunguka tu kizembe, kuna valvu haikai vizuri au ringi, au gasketi ya hedi. Hii ikarudi na teke zuri kabisa. Miaka yote stoo na ina upepo kuliko pikipiki yangu!

Nikafungua hedi hata hivyo, kwa umbea tu. Boliti nane, na sio zote urefu sawa, kwa hiyo nilichora hedi kwenye boksi la kartoni nikachomeka kila boliti mahali pake. Ndani masizi magumu meusi kama ukoko wa wali ulioungua. Usikwangue kwa bisibisi, ile ni aluminiamu, mi nilichonga kijiti cha mwanzi. Na silinda yenyewe hapa haina sleeve (bomba la ndani) ya chuma, pistoni inatembea moja kwa moja kwenye aluminiamu na ni pistoni ndo imepakwa kromu, kwa hiyo akija fundi anakwambia tuingize msasa wa kuchonga silinda, mwambie asante mzee, acha. Kurudisha hedi boliti zinakazwa kwa kupokezana, kidogo kidogo, mpaka kama Nm 16, ambayo ni ndogo kuliko mkono wako unavyotaka. Nasisitiza hapa kwa sababu watu wa kwetu tunakaza boliti kana kwamba zimetutukana.

Petroli sasa. Tangini kulikuwa na kitu rangi ya chai ya rangi kinanuka kama vanishi. Kabureta ya hii injini inaitwa Pulsa-Jet, inakaa juu ya tangi lenyewe, imefungwa humo kwa skrubu, na katikati ya tangi na kabureta kuna diaframu nyembamba ambayo inapumua kwa mvuto wa injini na ndio pampu ya petroli. Pampu nzima ni kile kingozi tu. Diaframu yangu ilikuwa imekauka, ukiikunja inalia kama karatasi ya sambusa. Hapo nikafanya ujinga wangu wa kwanza, nikakata nyingine kwenye glavu ya hospitali nikisema si ni raba tu. Baada ya nusu saa ndani ya petroli ilikuwa imevimba na kujikunja kama chapati imeiva upande mmoja. Raba ya glavu na petroli havipatani. Ikabidi niagize yenyewe Nairobi, ikaja kwa basi ndani ya bahasha, kakitu hakana hata uzito, nauli ikazidi bei.

Na jamani hii ni four-stroke. Oili inakaa chini kwenye kreki kesi, SAE 30, kama nusu lita na kidogo, petroli inawekwa tupu. Nimeshaona watu wanachanganya oili kwenye petroli ya mashine hizi kisa wamezoea msumeno wa mnyororo. Halafu chini hawaweki kitu. Halafu wanasema mashine za zamani hazidumu.

Moto. Plagi mpya, nikaigusisha kwenye hedi, nikamwambia binamu yangu, chalii wa form four ambaye kila nikigeuka yupo, vuta kamba. Cheche ikaonekana. Ya njano, nyembamba, lakini ipo. Nikafunga kila kitu, petroli mpya, choki, tukavuta. Tukavuta. Tukapokezana. Kamba ikatupa malengelenge. Mara moja moja inakohoa "pfu" kidogo halafu kimya. Plagi ukiitoa imelowa, kwa hiyo petroli inafika. Moto upo, petroli ipo, upepo upo. Haiwaki.

Sasa angalia nilivyopotea. Nikasema cheche ni ya njano, kwa hiyo koili, ile inayotoa umeme wa cheche, imechoka. Kwa injini ya 1978 moto wake ni wa pointi, vile vidole viwili vya kuunganisha na kukata umeme, ziko chini ya flaiwili ndani ya kikopo kidogo cha bati, na koili nje. Mwaka 1982 ndo hawa jamaa wakaleta moto wa elektroniki, wanauita Magnetron, hauna pointi kabisa, na unaweza kuufunga kwenye injini ya zamani kama hii bila hata kugusa pointi. Nikasema basi, ya nini kuhangaika kufungua flaiwili, nafunga hiyo mpya, nakata waya wa pointi, maisha yanaendelea. Elfu 45 ikatoka. Nafasi kati ya koili na sumaku ya flaiwili inatakiwa 0.15 mpaka 0.25 mm, nikapima na fila geji (vile vibati vya kupimia nafasi) vizuri kabisa, huyo.

Cheche ikawa ya bluu, nene, inapiga "tak tak". Nikacheka peke yangu. Chalii akavuta kamba na ile mashine ikamnyang'anya! Yaani kamba ilirudi ndani kwa nguvu mpaka mpini wa kamba ukapiga kava, akabaki anapuliza vidole. Nikajaribu mi mwenyewe, hivyo hivyo. Ikawa inapiga teke na kutema moto kupitia kabureta. Kwa hiyo nimetumia hela nimetoka kwenye injini isiyowaka nimefika kwenye injini inayopigana.

Wikiendi ya pili niliitumia kuikasirikia. Sina la kueleza hapo.

Ya tatu nikaenda tena, na siku hiyo shangazi alikuwa na mgeni verandani anakunywa chai, babu mmoja Mmeru, kofia ya sufi, fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaangalia mikono yangu ilivyo na oili, akauliza, "Ni ile ya stoo?" Kumbe ndo alikuwa mtunza bustani pale miaka na miaka, kabla shangazi hajafika. Nikamweleza inavyopiga teke. Akanywa chai kwanza. Halafu akasema, kwa utulivu kabisa, "Ile si ilikula bikoni."

Ilikula bikoni vipi babu?

"Siku ya mwisho. Nilikuwa nakata, majani yalikuwa marefu baada ya mvua, ikagonga bikoni ya mpaka, ikanyamaza kwa mara moja, tau. Kuanzia hapo haikuwaka. Wakaja mafundi, wakabadilisha plagi, wakabadilisha plagi tena."

Jamani. Nilisimama pale na mkono wangu mchafu nikajiona mpumbavu. Kwa sababu hapo hapo nilijua.

Kati ya flaiwili na krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kuna kipande kidogo cha metali, mafundi wanakiita kii, kinaingia kwenye mfereji nusu upande huu nusu upande ule ili flaiwili ikae mahali pake. Kimetengenezwa kwa metali laini makusudi. Kisu kikigonga jiwe, shafti inasimama ghafla lakini flaiwili ni nzito, bado ina mwendo, inataka kuendelea, kwa hiyo inakikata kile kipande au inakipinda na kusogea mbele kidogo. Kipande cha bei ya soda kinakufa ili krankshafti isipinde.

Na sasa kila kitu kikakaa sawa kichwani. Kwenye moto wa pointi, muda wa cheche unapangwa na shafti, sababu ndo inayosukuma kile kijiti cha pointi, lakini nguvu ya cheche inatoka kwenye sumaku ya flaiwili. Flaiwili ikisogea, pointi zinafunguka wakati sumaku haipo pale inapotakiwa, unapata cheche dhaifu ya njano inayoonekana vizuri nje lakini ikiingia kwenye kompresheni inazimika. Halafu mi nikafunga elektroniki, ambayo muda wake wote unapangwa na flaiwili peke yake, na flaiwili iko mbele, kwa hiyo cheche ikawa nzuri sana na inakuja mapema mno, pistoni bado inapanda inapigwa kichwani. Ndo yale mateke. Ugonjwa mmoja, dalili mbili, na mi ndo niliyeibadilisha dalili kwa elfu 45.

Kutoa flaiwili ni kazi ya adabu. Imefungwa na ile klachi ya kamba, unaifungua kwa kuigonga masikio yake na kipande cha mbao, taratibu, kinyume cha saa. Flaiwili yenyewe inatolewa na pula (kifaa cha kuivuta) kupitia yale matundu mawili ya karibu na katikati, usithubutu kuishika kwenye mapezi, ni aluminiamu yanakatika kama biskuti. Ndani ya mapezi nyigu walikuwa wamejenga nyumba za matope, ghorofa kabisa, nikabomoa moja moja. Flaiwili ikatoka na "tok", nikaangalia mfereji.

Kii ilikuwa imevunjika ngazi. Nusu ya juu imesogea mbele ya nusu ya chini kama milimita mbili hivi, inang'aa pale ilipokatika. Nikaiweka kwenye kiganja nikamuonyesha babu. Akaishika karibu na jicho, akasema, "Hii tu?"

Hii tu babu.

Fundi mmoja jirani akashauri tuchonge ya chuma, "hutaiona tena ikikatika." Ni kweli hutaiona, siku nyingine ukigonga kitakachopinda ni krankshafti. Nikachonga ya muda kwa tupa kutoka kipande cha aluminiamu ya fremu ya dirisha (ya dukani ilikuja baadaye na basi lile lile). Inayoishika flaiwili hasa ni ule mkazo wa shafti iliyochongwa kwa mshazari, kii kazi yake ni kuonyesha mahali, kwa hiyo safisha pale pawe pakavu, usipake grisi.

Na kwa ubishi tu, kwa kuwa flaiwili ilikuwa nje, nikafungua kile kikopo cha pointi. Zilikuwa nzima, zimefanya kutu ya kijani kidogo, nikapitisha msasa laini halafu karatasi safi, nikapanga nafasi ya 0.5 mm kwa kusogeza kondensa, maana kwenye hizi injini kondensa yenyewe ndo inabeba upande mmoja wa pointi. Nikarudisha koili ya 1978. Ile ya elfu 45 iko kwenye droo, mwenye kuihitaji aseme.

Kuvuta mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikawaka!

Ila ikawaka vibaya, kelele ikapanda na kupanda kama inataka kuruka, mashine inatetemeka inatembea yenyewe kwenye sakafu ya veranda, shangazi anapiga kelele toka ndani, na chalii kwa ushujaa wake akachomoa waya wa plagi kwa mkono mtupu. Shoti ilimrusha hatua mbili. Hajaumia, ila matusi aliyotoa mbele ya babu sitayaandika hapa. Kosa lilikuwa langu, hizi injini zinajipunguza mwendo kwa upepo, kuna kibati chembamba chini ya kava kinasukumwa na upepo wa flaiwili na kinafunga kabureta kadiri mwendo unavyopanda, na kuna springi inayovutana nacho. Nilikuwa nimerudisha springi kwenye tundu sio lake. Nikahamisha tundu moja, na mlio ukatulia.

Moshi ukatoka mweupe kama dakika tano hivi, oili ya zamani inaungua, halafu ukakata. Skrubu ya kabureta nilianza mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa, nikaisogeza kidogo kwa kusikiliza. Bado ukiipa mzigo ghafla inapwaya kidogo kabla ya kushika, nahisi tangi limepinda pale kabureta inapokaa, hiyo nitaiangalia.

Nikamwambia babu twende ukaijaribu, wewe ndo mwenyewe. Hakushika mashine. Alishuka ngazi na fimbo yake, akaenda moja kwa moja mpaka karibu na jakaranda ya pili, akapapasa ukoka kwa ncha ya fimbo mara tatu nne, ya tano ikagonga kitu. Akainama akatenganisha majani kwa vidole. Bikoni ilikuwa pale, imezama, kichwa kinatokeza kidogo tu juu ya udongo, na pembeni ina kovu refu jeupe.

"Hii haing'olewi, ni ya serikali," akasema, akamgeukia chalii. "Kalete chokaa."